Ndoo ya Rangi

Kitu cha kwanza kilichonionyesha kwamba Chicago si ugenini sana kilikuwa kiti kibovu. Kilikuwa cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, kimesimama peke yake kando ya barabara katikati ya theluji. Mbele kidogo kulikuwa na kingine, kisha meza ya kupigia pasi, kisha ndoo mbili zilizolazwa ufito juu yake. Nikamuuliza mpwa wangu, aliyekuwa kwenye usukani, kama watu wa hapa wanatupa vyombo barabarani. Akacheka. "Mjomba, hiyo ni nafasi ya mtu. Ukishachimba theluji pale gari lako linapolala, unaweka kiti. Atakayekiondoa atajua mwenyewe."

Nilicheka mpaka kioo kikafanya ukungu. Mimi nimezaliwa Tanga, Ngamiani, enzi za bomba moja kwa mtaa mzima. Ndoo yako ikishakaa kwenye foleni unaweza kwenda kusali, kupika, hata kugombana na jirani. Ndoo inakushikia zamu. Anayesogeza ndoo ya mwenzake anatafuta maneno, na atayapata.

Ilikuwa Februari. Ziwa Michigan lilikuwa limeganda ukingoni, na mapande ya barafu yakisukumwa na mawimbi yalilia kama vikombe kabatini lori linapopita nje. Ni maji mengi kama bahari, ng'ambo haionekani, lakini hayanuki chochote. Mtu wa pwani hawezi kuyaamini maji yasiyo na harufu.

Mpwa wangu anaishi Rogers Park, kaskazini ya jiji, ambako ukiingia dukani huenda ukasikia Kiswahili cha Kongo kabla hujamaliza kufuta viatu. Jumamosi ile alinipeleka upande wa pili kabisa, South Side. "Kuna shughuli," alisema, kwa neno lile lile tunalolitumia Tanga kwa arusi na ngoma. Shughuli yenyewe ilikuwa jukwaa la wazi: anayetaka anaandika jina kwenye daftari mlangoni, akiitwa anapewa maiki na dakika tano, asome, aimbe au apige chombo. Februari ndiyo mwezi wanaouita wa historia ya watu weusi, kwa hiyo usiku huo ulikuwa wa kuwaenzi wasanii weusi, walio hai na waliotangulia. Fedha zitakazopatikana ni za vijana wa mtaa wanaoanza chuo. Mpwa wangu huwafundisha baadhi yao hesabu jioni.

Tulitangulia mapema ili nione mtaa. Barabara ya Martin Luther King inapoingia Bronzeville amesimama mtu wa shaba, kazi ya mchongaji Alison Saar. Kwa mbali amevaa suti. Ukisogea unaona kwamba suti ile ni soli za viatu, soli zilizolika, zimepangwa kama magamba ya samaki. Mkononi ana sanduku lililofungwa kamba, na uso ameuelekeza kaskazini. Ni kumbukumbu ya watu weusi wapatao milioni 6 walioikimbia Kusini ya Marekani kati ya miaka ya 1910 na 1970, wakifuata kazi za viwandani na kukimbia kunyongwa mitini. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na watu weusi kama 44,000 tu. Kufikia 1970 walikuwa wamepita milioni. Nilisimama pale muda mrefu kuliko baridi ilivyoruhusu, kwa sababu ya ile kamba. Sanduku lililofungwa kamba nalijua. Ndilo nililokwenda nalo bweni mwaka 1979, kwa sababu kitasa chake kilikwisha kufa kwa kaka yangu.

Nilidhani Bronzeville ni jina la utani la mtaa wa walala hoi. Sivyo. Nyumba nyingi ni za mawe, zina ngazi pana na nakshi milangoni. Watu weusi walirundikana hapa kwa sababu mikataba ya nyumba katika mitaa mingine ilikataza kumuuzia au kumpangishia mtu mweusi, hadi Mahakama ya Juu ya nchi ilipoinyima nguvu mikataba hiyo mwaka 1948. Kwa hiyo daktari, mfagiaji, mhubiri na mcheza kamari walipanda ngazi zile zile. Katika jengo la YMCA la barabara ya Wabash, hapa hapa, Carter G. Woodson na wenzake waliunda mwaka 1915 chama cha kuchunguza historia ya watu weusi. Mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia hiyo, na wiki ile ndiyo iliyokuja kunenepa ikawa mwezi.

Lakini pahali palipoushika moyo wangu ni nyumba moja ya barabara ya Michigan, South Side Community Art Center. Kituo hicho cha sanaa kilifunguliwa mwisho wa mwaka 1940, na mwaka uliofuata mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, akaja kukizindua rasmi. Ndani kuta ni za mbao, zimetobokatoboka kwa misumari ya picha zilizotundikwa na kuondolewa kwa zaidi ya miaka themanini. Mtu mwingine angepiga plasta. Wao wameacha matundu yaonekane, na wamefanya vizuri. Humo ndimo Gwendolyn Brooks alimohudhuria warsha ya ushairi mwaka 1941, miaka tisa kabla hajawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Baadaye, akiwa mshairi rasmi wa jimbo la Illinois, alikuwa akitoa zawadi za mashairi kwa watoto wa shule kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Na nyumba ile ilinunuliwaje? Serikali ilisaidia mishahara, lakini jengo watu walilitafutia wenyewe. Msanii Margaret Burroughs, wakati huo msichana, alisimama kwenye kona ya barabara na kopo, akiomba senti kumi kumi. Kampeni waliiita maili ya senti kumi, maana walitaka sarafu ambazo zikipangwa zitimize maili nzima. Huyu mama baadaye alifundisha sanaa sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka 1961 akageuza sebule yake kuwa makumbusho, ambayo leo ni Makumbusho ya DuSable.

Basi nilipoingia kwenye ukumbi wa chini ya kanisa jioni ile na kuona ndoo ya plastiki ya rangi ya kupaka, tupu, imeoshwa, imewekwa mbele ya jukwaa, sikuhitaji kuambiwa kazi yake.

Mlangoni alikaa mzee wa miaka themanini hivi, kofia ya kufuma kichwani, saksafoni imelala magotini kama mtoto mchanga. Mpwa wangu alimwambia natoka Tanzania. Akanyanyuka, kwa magoti yale, akanishika mkono na kutamka taratibu, kila silabi na nafasi yake: "Habari gani?"

"Nzuri, mzee. Shikamoo."

Akatulia, akiningoja. Nami nikamngoja aseme marahaba. Tukabaki tumeshikana mikono kama mahasimu mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Mpwa wangu ndiye aliyetuokoa. Kwa mzee huyu, "Habari gani?" ni salamu ya Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966. Inaanza tarehe 26 Desemba na kuchukua siku saba, kila siku na nguzo yake: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Ukiulizwa habari gani, unajibu kwa nguzo ya siku hiyo. "Nzuri" haimo. "Lakini hii ni Februari," nilijitetea. Mzee akacheka kwa sauti ya chini. "Ndugu yangu, hapa leo ni Kuumba. Kila Jumamosi ya maiki ni Kuumba."

Wazee wake hawakuletwa Marekani wakizungumza Kiswahili. Wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na ya Kati, na lugha zao zilipigwa mpaka zikafa. Katika miaka ya sitini vijana wao walipotafuta lugha ya Afrika isiyo ya kabila moja, macho yalitua kwenye Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Mshairi wa hapa hapa Chicago, Don L. Lee, mmoja wa waanzilishi wa nyumba ya vitabu Third World Press ya mwaka 1967, akajiita Haki Madhubuti, na yeye na mkewe Safisha wakaanzisha shule za watoto weusi. Sisi Kiswahili tulikikuta kinatungoja, kama pua. Wao walijichagulia. Ndiyo maana mzee yule hutamka "kujichagulia" bila kumeza hata herufi moja, wakati mimi nyumbani nasikia watangazaji wetu wakiitafuna lugha kama mkate wa jana.

Mama mmoja mwenye kofia ya zambarau, ambaye baadaye nilijua ni mweka hazina, alitaka kujua ile salamu yangu nyingine ina maana gani. Nikajibu bila kufikiri: "Nashika miguu yako." Akanitazama. "Sisi," akasema polepole, "tulikwisha kuishika vya kutosha." Sikuwa na jibu. Hata nyumbani wapo wasioitaka shikamoo kwa sababu hiyo hiyo, na mimi katika miaka yangu ya ualimu nimewahi kuwachapa watoto kwa kutoisema.

Alinisamehe kwa chakula. Sahani dola 12, nazo zinaingia kwenye ndoo: kambare aliyevingirishwa katika unga wa mahindi na kukaangwa, kunde, mkate wa mahindi, na rundo la majani yaliyoiva hadi kusalimu amri. Nilipouliza kwa adabu kama mna nguruwe, mama wa jikoni aliniambia mtaa huu umeishi na Waislamu siku nyingi, wanajua kupikia watu: nyama iliyomo ni bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi. Nilionja yale majani nikasimama kutafuna. Ni sukuma wiki. Ile ile. Tofauti ni kwamba kwetu inakaangwa dakika tano na kitunguu ikiwa bado inapiga kelele, na kwao inachemka nusu siku, halafu mchuzi wake unanywewa kama dawa. Kunde nazo zilivuka bahari kutoka Afrika pamoja na watumwa. Nikaletewa na pai ya viazi vitamu, vimepondwa na siagi, sukari na kungumanga. Bila nazi, maskini, lakini nilirudia.

Sasa jukwaani. Niseme ukweli, mashairi mengine yalikuwa mabaya. Kijana mmoja alisoma kutoka kwenye simu kuhusu maumivu yake kwa dakika tisa na hakutuambia yalikuwa wapi. Spika ilipiga mluzi. Lakini hapakuwa na aliyezomewa. Chicago ndiko mashindano ya ushairi ya jukwaani yalikozaliwa miaka ya themanini, pale mfanyakazi wa ujenzi Marc Smith alipoanza kuwapa watu wa baa kazi ya kutoa alama kuanzia sifuri hadi kumi. Hapa ukumbini alama hazikuwepo. Mshereheshaji, msichana mwenye rasta hadi kiunoni, alitangaza mwanzoni: "Leo hakuna jaji." Ukiguswa, unadatisha vidole. Ukiguswa sana, unaguna. Anayetetemeka anaambiwa kutoka nyuma achukue muda wake, na anauchukua.

Dereva wa basi, bado na koti lake la kazi, alisoma shairi kuhusu shule yake ya msingi. Mwaka 2013 jiji liliamua kufunga shule karibu 50 kwa mkupuo, nyingi katika mitaa ya watu weusi, kwa hoja kwamba wanafunzi wamepungua. Ni kweli watu wanahama. Sensa ya 2020 iliwakuta watu weusi wa Chicago wako chini ya laki nane. Basi lake linapita mbele ya shule ile mara nyingi kwa siku, na kituo bado kina jina la shule, kwa hiyo mashine ndani ya basi inaitaja kila safari, na hakuna anayeshuka. Hakupandisha sauti hata kidogo. Ukumbi uliguna kama ng'ombe mmoja mkubwa.

Baada yake mzee alisimama na saksafoni. Kabla ya kupuliza alisema alisoma sekondari ya DuSable, chini ya Kapteni Walter Dyett, mwalimu wa muziki ambaye mikononi mwake walipita Nat King Cole, Dinah Washington na Johnny Griffin. Watoto walimwogopa kuliko polisi. Kila mwaka mwalimu huyo aliandaa onyesho la wanafunzi, Hi-Jinks, na viingilio vyake vikasaidia kuendesha bendi. "Kwa hiyo msidhani ndoo hii ni jambo jipya," mzee alisema, akiigusa kwa ncha ya kiatu. Shule iliyopewa jina la mwalimu huyo nayo iliingia kwenye orodha ya kufungwa. Mwaka 2015 wakazi 12 waligoma kula kwa siku 34 ili isife, na mwaka 2016 ikafunguliwa tena kama sekondari ya sanaa. Mzee hakusimulia mengi juu ya hilo. Alipuliza wimbo wa kanisani, polepole, akiachia pumzi zake za uzee zisikike katikati ya noti.

Mpwa wangu alikuwa ameliandika jina langu kwenye daftari. Nilimwomba alifute. Miaka thelathini na moja nimefundisha mashairi ya Shaaban Robert, ambaye ni wa kwetu Tanga, kijiji cha Vibambani. Nimefundisha vina na mizani, kituo na kibwagizo, wanafunzi wamehesabu silabi kwa vidole na kufaulu mitihani. Sikumbuki siku hata moja niliyowaambia wafunge madaftari tuliimbe. Pale nyuma ya ukumbi, na pai mkononi, jambo hilo lilinikaa kooni.

Kisha akaitwa mtoto wa miaka tisa au kumi. Hakuja na karatasi. Alikuja na ndoo yake mwenyewe, akaipindua, akaikalia nusu, akaanza kuipiga kwa vijiti viwili, kama vijana wanaopiga ndoo kwenye kona za katikati ya jiji. Juu ya mlio ule akatamka majina: bibi yake, bibi wa bibi yake, mji wa Mississippi walikotoka, namba ya nyumba walikofikia. Majina na ngoma, basi.

Sijui nilinyanyuka saa ngapi. Shangazi zangu walikuwa wakereketwa wa taarabu ya Tanga, Black Star na Lucky Star, enzi za sauti ya Shakila, na ubeti ukiwachoma hawakukaa. Waliinuka na noti mkononi, wakaenda mbele kwa mwendo wa madaha, wakazungusha noti hewani ili kila mtu aione, wakamtunza mwimbaji. Hivyo ndivyo nilivyofanya, mzee mzima, na buti za theluji. Nilitoa mfukoni kila nilichokishika, nikamwekea mtoto begani, noti moja moja, nikiyumba.

Vijiti vilisimama. Ukumbi ukanyamaza. Mtoto alimtazama mama yake, kwa macho ya mtoto aliyefundishwa kutopokea pesa za wageni. Damu ilinipanda masikioni. Mpwa wangu akaruka kuchukua maiki: "Kwetu ndivyo tunavyopiga makofi!"

Mama wa kofia ya zambarau alikuwa wa kwanza. Alinyanyuka na dola tano, akaja kwa mwendo ambao shangazi zangu wasingeutia kasoro. Nyuma yake dereva wa basi. Nyuma yake safu nzima. Mtoto akaanza kupiga tena, kwa kasi, mabega yamejaa noti, nyingine zinamdondokea magotini, na alipomaliza alizikusanya zote, akazihesabu kwa macho, akazitia kwenye ndoo ya rangi bila kuambiwa. Moja aliizungusha mkononi kwanza, kisha nayo akaitia.

Fedha zilihesabiwa jikoni, juu ya meza iliyofutwa mafuta ya kambare. Nilidhani ni za ada, lakini ada za vyuo vyao haziguswi na ndoo. Hizi ni za vile vitu vidogo vinavyomrudisha mtoto nyumbani kabla ya Krismasi: tiketi ya basi, shuka, kikokotoo, koti la baridi, kitabu kimoja kinachouzwa bei ya mbuzi. Niliwaeleza kuhusu fomu yangu ya kujiunga na bweni: sanduku la bati, godoro, jembe, fagio la chelewa, ndoo moja yenye mfuniko. Mama alinunua ndoo kwa pesa za vitumbua. Siku hizi sekondari zetu za serikali hazitozi ada, lakini fomu bado ni ndefu. "Ndoo?" mweka hazina aliuliza. "Mwanafunzi anakwenda na ndoo?" Nikamwambia bila ndoo hupokelewi.

Ndipo alipoivuta noti moja kutoka kwenye rundo, akaigeuza chini ya taa. "Hii ni pesa ya wapi?"

Ilikuwa shilingi elfu moja. Katika kuyumba kwangu nilikuwa nimeitoa pamoja na dola. Niliomba radhi, nikaeleza kwamba haifiki hata nusu dola, nikanyoosha mkono niichukue. Lakini mzee wa saksafoni alikwisha kuvaa miwani. Aliutazama uso ulio kwenye noti, nywele zile, masharubu yale. "Huyu si Mwalimu?" akasema. Alilitamka hivyo hivyo, Mwalimu.

"Ndiye."

"Dola kumi," mzee akasema.

"Kumi na tano," dereva wa basi akajibu, hajui hata anabishania nini. Msichana mshereheshaji akapanda juu ya kiti kama dalali wa samaki wa Deep Sea kule Tanga. Ishirini. Ishirini na mbili. Mimi nilisimama pale nikiwaza nauli za daladala na mafungu ya mchicha niliyowahi kulipia kwa uso ule bila kuutazama. Mzee aligeuza mifuko yake yote miwili juu ya meza, sarafu zikabingirika, wakazihesabu: thelathini na moja na senti arobaini. Hakuna aliyepanda zaidi.

Aliikunja mara moja tu, kwa uangalifu, akaiweka kwenye sanduku la saksafoni, chini ya kitambaa. Mama wa kofia ya zambarau alifungua daftari lake la hesabu, akaandika kiasi, kisha akasita na kalamu hewani. "Jina la Mwalimu linaandikwaje?"

Nikamtajia herufi moja moja, polepole, kama darasani.